Mashamba ya Watu, Njia ya Wote: Jinsi ya Kupanga Matembezi ya Kuzunguka Vijiji vya Uingereza

Yapo mambo mengi yamstaajabishayo mtu wa Afrika Mashariki afikapo Uingereza kwa masomo au kwa kazi. Habari ya baridi alikwisha kuisikia, na treni zipitazo chini ya ardhi amepata kuziona katika picha. Lakini liko jambo moja ambalo mara nyingi hakuna aliyemweleza. Siku ya Jumamosi au ya Jumapili, watu wazima wenye heshima zao, makarani na walimu na mafundi, huyaacha magari yao kando ya kijiji, huvaa viatu vizito, hutia mkate na chai katika mfuko wa mgongoni, nao huenda kwa miguu maili nane au kumi kati ya mashamba. Hupita kijiji hiki na kile, na jioni hurudi pale pale walipoanzia. Hawakwenda sokoni, wala kumzuru mgonjwa, wala kuhudhuria baraza. Wamekwenda kutembea tu.

Ajabu nyingine ni kubwa zaidi. Watu hao hupita katikati ya ngano ya mtu wasiyemjua, hufungua lango lake, huvuka malisho ya ng'ombe wake, wala hawapigi hodi. Mwenye shamba, akiwa juu ya trekta lake, huwaona, pengine huwapungia mkono, kisha huendelea na kazi yake. Mkulima wa Kenya aliyetoka jasho kukipata kipande chake, kikapimwa, kikazungushiwa ua na kutolewa hati, atauliza kwa haki: Je, huko Uingereza shamba halina mwenyewe?

Shamba lina mwenyewe, na udongo wa njia ipitayo ndani yake ni wake pia. Ila haki ya kupita juu ya njia hiyo ni ya watu wote. Haki hiyo imo katika sheria, na alama yake imo katika ramani. Kwa sababu hiyo matembezi ya namna hii huanzia mezani, kwa ramani, penseli na uzi. Mtu aijuaye kazi hiyo ya mezani hatapotea, hatagombana na mkulima, wala hatakutwa na giza porini. Asiyeijua huweza kupatwa na yote matatu kwa siku moja.

ASILI YA HAKI YA NJIA

Zamani, kabla ya barabara za magari, njia za miguu ndizo zilizoviunganisha vijiji vya Uingereza. Kibarua alipita shambani kwenda kazini, mama alikwenda kinuni na nafaka yake, na jamaa wakawachukua wafu wao kuwapeleka kanisani. Sheria ya kale ya nchi ile yasema kwamba njia ikiisha kuwa ya watu wote, ni ya watu wote daima, mpaka itakapofungwa kwa amri ya sheria. Hata wapita njia wakipungua, haki yenyewe haifi.

Lakini haki isiyoandikwa ni rahisi kunyang'anywa. Kati ya mwaka 1604 na mwaka 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuizungushia ua ardhi ambayo watu waliitumia kwa pamoja, nayo ilikuwa eka milioni 6.8 hivi. Njia nyingi zilihamishwa au zikafungwa wakati huo. Tena sheria ya mwaka 1815 iliwapa mahakimu wawili tu uwezo wa kuifunga njia waliyoiona kuwa haina kazi, na mara nyingi mahakimu wa vijijini walikuwa ndio wenye mashamba makubwa, au rafiki zao. Watu wa mji wa York wakaunda chama cha kuzilinda njia za kale mwaka 1824, na wale wa Manchester wakafuata mwaka 1826.

Katika mwaka 1932 yalitokea mambo mawili. La kwanza ni sheria iliyosema kwamba watu wakiitumia njia waziwazi, bila kujificha, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa kwa miaka 20, njia hiyo huhesabiwa kuwa imetolewa kwa watu wote, isipokuwa mwenye ardhi aonyeshe kwamba hakukusudia hivyo. La pili lilitokea tarehe 24 Aprili. Siku hiyo vijana mamia, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout, ambao ulikuwa umefungwa ili matajiri wawinde ndege. Kiongozi wao mmojawapo, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Baadhi yao walikamatwa, na watano wakafungwa jela. Watu wengi, hata wale wasiopendezwa na tendo lao, waliiona adhabu hiyo kuwa kali mno, na maneno yakazidi kuvuma.

Mwisho wake ulikuwa Sheria ya mwaka 1949 juu ya hifadhi za taifa na kuingia mashambani. Sheria hiyo iliziamuru halmashauri za kaunti zichore ramani ya haki, yenye kila njia ya watu wote. Kazi ya kuanzia iliangukia mabaraza ya vijiji. Wazee na makarani wa baraza walizipita njia zao kwa miguu, wakaandika katika fomu kila lango, kila daraja na kila kipandio, na kila njia ikapewa namba. Njia ikiisha kuwamo katika ramani hiyo, kuwamo kwake ni ushahidi wa kutosha mbele ya mahakama. Leo njia za namna hii katika England na Wales ni maili 140,000 hivi.

KUISOMA RAMANI

Ramani zitumiwazo na wenye matembezi hutolewa na Ordnance Survey, shirika la upimaji lililoanzishwa mwaka 1791. Karani wa Kenya aliyezoea ramani za upimaji za kipimo cha 1:50,000 atakuta huko ramani za kipimo hicho pia. Lakini kwa mwenda kwa miguu ile ya 1:25,000 ndiyo ifaayo. Katika ramani hiyo sentimita 4 ni kilomita moja, na inchi mbili na nusu ni maili moja hivi. Faida yake ni kwamba yaonyesha kuta na nyua za mashamba. Mtu akisimama katika pembe ya shamba hana budi kujua kama njia yapita upande huu wa ua au upande ule, na ramani ya kipimo kidogo haiwezi kumwambia.

Mambo mawili yataka uangalifu. La kwanza ni rangi. Katika ramani ya 1:25,000 njia ya miguu yenye haki huchorwa kwa vistari vifupi vya kijani, na njia ya farasi, ambayo wapanda baiskeli pia wana ruhusa kuifuata, kwa vistari virefu vya kijani. Vistari vyeusi huonyesha kwamba pana njia juu ya ardhi, lakini havisemi kwamba mtu ana haki ya kuipita. Wageni wengi hukosea hapo: huona njia nzuri nyeusi, huifuata, na mwisho wake hukuta lango lenye kufuli. Pengine tena huwa kinyume chake. Mstari wa kijani huvuka shamba katika ramani, lakini shambani hapaonekani dalili ya unyayo, kwa kuwa mkulima amelima juma lililopita. Haki ipo hata kama alama ya miguu haipo.

La pili ni mistari myembamba yenye kuonyesha miinuko. Ikikaribiana sana, mlima ni mkali. Ikiachana, nchi ni tambarare. Mtu asiyeiangalia atahesabu maili peke yake, kisha atashangaa kwa nini miguu yake imechoka kabla ya saa zake.

Huko njiani kwenyewe zipo alama za kusaidia. Sheria ya mwaka 1968 yaitaka halmashauri iweke kibao mahali njia iachapo barabara ya lami. Mbele zaidi, juu ya nguzo za malango, huwekwa mishale midogo: wa manjano kwa njia ya miguu, wa buluu kwa njia ya farasi. Siku hizi wengi huifuata ramani katika simu ya mkononi, nayo yasaidia sana. Lakini betri huisha, na katika mabonde mengine simu haishiki. Ramani ya karatasi haiishiwi nguvu.

KUUCHORA MZUNGUKO

Na tuseme mtu ataka kutembea siku moja katika vilima vya Cotswolds, katika kaunti ya Gloucestershire. Vilima hivyo ni vya mawe ya chokaa yenye rangi kama asali, na nyumba za vijiji zimejengwa kwa mawe hayo hayo. Zamani nchi hiyo ilitajirika kwa sufi ya kondoo, na makanisa yake makubwa yalijengwa kwa fedha ya sufi. Tangu mwaka 1966 imewekwa chini ya ulinzi wa sheria kwa ajili ya uzuri wake.

Kwanza achague mahali pa kuanzia. Mahali pazuri ni pale pafikapo basi, penye choo na duka. Hapa kijiji cha Bourton-on-the-Water chafaa. Mto Windrush wapita katikati yake, chini ya madaraja madogo ya mawe. Reli ya kijiji hicho ilifungwa kwa abiria mwaka 1962, kwa hiyo asiye na gari hushuka treni katika mji wa Moreton-in-Marsh, kisha hupanda basi. Jambo la kwanza la kuandikwa katika karatasi ni saa ya basi la mwisho la kurudi, kwa maana vijijini mabasi ni machache, na siku ya Jumapili huwa machache zaidi.

Pili atafute njia mbili zianziapo hapo na zikutanapo mbali. Kutoka Bourton zatoka njia mbili zenye majina, zote zikielekea mji wa Winchcombe. Moja ni Warden's Way, ipitayo katika vijiji vya Lower Slaughter, Upper Slaughter na Naunton. Ya pili ni Windrush Way, iendayo mabondeni na vilimani, mbali na vijiji. Mtu akienda kwa moja mpaka jirani ya Naunton, akarudi kwa nyingine, amepata mzunguko wake wala hakurudia nyayo zake.

Tatu aamue kuzunguka upande gani. Watu wengi hawalifikiri jambo hili, nalo lina maana sana. Akianza na vijiji asubuhi, atavipita haraka angali na nguvu na chakula, kisha alasiri atakuwa peke yake katika maili tano zisizo na nyumba, amechoka, na jua lashuka. Akianza na Windrush Way, ataipita sehemu ya upweke angali mzima. Atafika Naunton adhuhuri, apumzike, na baada ya hapo kila hatua itamkaribisha kwa watu. Akiteguka mguu huko Lower Slaughter, Bourton si mbali, na msaada huwa karibu. Mpango mwema huweka sehemu ngumu mwanzo, na mlango wa kutokea huuweka mwisho.

Basi safari yenyewe huwa hivi. Kutoka Bourton mtu huelekea magharibi na kuivuka Fosse Way, barabara iliyojengwa na Warumi kutoka Exeter mpaka Lincoln, ambayo sasa ina magari mengi. Hapo avuke kwa uangalifu. Kisha hulifuata bonde la Windrush, na akaribiapo Naunton huiacha Windrush Way, ashike njia ndogo ya kumfikisha kijijini. Mpaka hapo amekwenda maili 5 hivi. Kutoka Naunton njia hupanda ukingo wa bonde na kupita mashambani, kisha hushuka katika bonde la mto Eye, kwenye kijiji cha Upper Slaughter. Maili 3 hivi. Lower Slaughter ni maili moja mbele, kando ya mto, nako kuna kinu cha zamani chenye bomba refu la moshi la matofali mekundu. Kutoka hapo mpaka Bourton ni maili moja na nusu. Jumla ni kama maili 10 na nusu.

Jina la Slaughter lisimtishe mtu. Kwa Kiingereza cha leo neno hilo ni machinjo, lakini wataalamu wa lugha husema kwamba jina la vijiji hivi latokana na neno la kale la mahali penye matope. Na matope yapo mpaka leo, kwa hiyo viatu viwe vya kufaa. Upper Slaughter kina sifa nyingine ya kukumbukwa. Ni kimoja katika vijiji vichache sana vya Uingereza ambavyo askari wake wote walirudi salama katika Vita Kuu zote mbili, ile ya 1914 hadi 1918 na ile ya 1939 hadi 1945. Katika vijiji vingine vingi mpita njia hukuta nguzo ya mawe yenye majina ya wasiorudi. Mtu wa Kenya, ambaye kwao mtaa wa Kariokor katika Nairobi umeitwa kwa jina la wapagazi wa vita vya kwanza, hatahitaji kuelezwa maana ya nguzo hizo.

KUHESABU SAA

Hesabu ya saa ilitolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Scotland, William Naismith, nayo ingali yatumika. Yasema hivi: hesabu saa moja kwa kila maili 3, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda.

Maili zenyewe hupimwa kwa uzi. Mtu huulaza uzi juu ya mstari wa njia katika ramani, akizifuata kona zote, kisha huunyosha kando ya kipimo kilichochapwa chini ya ramani. Maili 10 na nusu katika ramani ya 1:25,000 ni uzi wa inchi 26 hivi. Anayepima kwa rula moja kwa moja, kutoka kijiji hata kijiji, hujidanganya, maana njia ya shambani haiendi kama ndege arukavyo.

Maili 10 na nusu, kwa mwendo wa maili 3 kwa saa, ni saa tatu na nusu. Miinuko yote ikijumlishwa na kuonekana ni futi 800, huongezwa dakika 24. Hiyo ni karibu saa nne za mwendo mtupu. Lakini hakuna mtu atembeaye bila kusimama. Kula kwataka saa moja, na malango, vipandio, picha na kuitazama ramani huchukua nusu saa nyingine. Kwa hiyo siku hiyo ni ya saa tano na nusu. Akiondoka saa nne ya asubuhi, atarudi saa tisa na nusu ya alasiri.

Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, aongeze hesabu moja zaidi. Katika Uingereza ya kusini mchana wa mwezi wa Juni ni saa 16 na zaidi, na jua hutua baada ya saa tatu ya usiku. Katika mwezi wa Desemba mchana ni saa 8 tu, na jua hutua yapata saa kumi ya alasiri. Matembezi yale yale, yaliyokuwa mchezo katika Juni, katika Desemba yana nusu saa tu ya akiba. Basi wakati wa baridi aondoke saa tatu, au achague mzunguko mfupi: Bourton na Slaughter zote mbili peke yake. Tena awe na tochi, koti la mvua na nguo ya pili ya sufi, hata kama asubuhi ni nzuri. Na kabla ya kuondoka amwambie mtu mmoja njia atakayopita na saa atakayorudi.

MKULIMA NA MPITA NJIA

Mkulima wa Kenya atataka kujua mwenzake wa Uingereza anakaaje na wageni hawa wasiokwisha. Jibu ni kwamba sheria imewafunga wote wawili.

Njia ikikatiza katikati ya shamba, mkulima ana ruhusa kuilima pamoja na shamba lake. Lakini baada ya kulima kwa ajili ya kupanda hana budi kuitengeneza katika muda wa siku 14, ionekane waziwazi, na upana wake usiwe chini ya mita moja kwa njia ya miguu. Mimea yake isiote juu ya njia. Ikiwa njia yapita kando ya shamba, karibu na ua, hana ruhusa kuilima kamwe. Malango na vipandio ni juu yake kuvitunza. Asiweke kibao cha uongo cha kuwatisha watu.

Habari ya mafahali itawapendeza wafugaji. Sheria ya mwaka 1981 yakataza kuweka katika shamba lenye njia ya watu wote fahali yeyote wa ng'ombe wa maziwa aliyepita umri wa miezi 10. Aina zilizotajwa ni pamoja na Ayrshire, Friesian, Guernsey na Jersey, yaani ng'ombe wale wale wajulikanao sana Kiambu, Nyeri na Uasin Gishu. Fahali wa ng'ombe wa nyama huruhusiwa, mradi awe pamoja na majike au mitamba. Mfugaji yeyote ajuaye ukali wa fahali wa maziwa ataona kwamba aliyeiandika sheria hiyo alishauriana na wenye ng'ombe.

Mpita njia naye ana wajibu wake. Haki yake ni kupita tu, kusimama kidogo na kuendelea. Hana haki kutangatanga shambani, wala kupiga hema, wala kuchuma. Kanuni za adabu ya mashambani zilitolewa kwanza mwaka 1951, nazo zimetengenezwa upya mara kadhaa. Zasema: liache lango kama ulivyolikuta, kwa kuwa lililo wazi pengine limeachwa wazi ili mifugo yafike kwenye maji, chukua takataka zako, mbwa awe karibu nawe. Mbwa akiwasumbua kondoo, sheria yaweza kumlinda mkulima aliyempiga risasi. Hata ng'ombe wasidharauliwe, hasa wenye ndama. Watu wamepata kukanyagwa na kufa, na wengi wao walikuwa na mbwa. Ng'ombe wakimfukuza, mtu amwachilie mbwa akimbie, naye atoke polepole.

Njia ikiwa imezibwa, mpita njia ana ruhusa kukiondoa kizuizi kwa kadiri ya kumwezesha kupita, au kuzunguka karibu. Asivunje wala asigombane. Aandike namba ya mahali katika ramani, na akirudi nyumbani aipelekee halmashauri barua. Barua moja ya namna hiyo huifungua njia kwa watu mia.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo limetimia katika njia hizi. Mabaraza ya vijiji yaliyoifanya kazi kwa bidii baada ya Sheria ya mwaka 1949 yaliziokoa njia zao zote. Mengine yalifanya kwa ulegevu, yakaruka njia zilizokuwa na miaka mamia, na njia hizo hazimo katika ramani. Mwaka 2020 chama cha Ramblers, kilichoanzishwa mwaka 1935, kilitangaza kwamba watu wake, kwa kulinganisha ramani za kale na za sasa, wameona maili zaidi ya 49,000 ambazo huenda ziliachwa. Sheria ya mwaka 2000 ilikuwa imeweka siku ya mwisho ya kudai njia kwa ushahidi wa karatasi za kale, yaani tarehe 1 Januari 2026. Siku hiyo baadaye ilisogezwa hadi mwaka 2031, na katika Desemba 2024 serikali ikatangaza nia ya kuifuta kabisa. Mabishano hayo yote yametokana na fomu ambazo karani fulani hakuzijaza.

Wenye ardhi nao wana daftari lao. Asiyetaka njia mpya izaliwe shambani mwake huweka kibao cha kusema hivyo, au hupeleka tamko katika halmashauri, na miaka 20 haihesabiwi dhidi yake. Kwa hiyo awapaye jirani zake ruhusa ya kukatiza kwa wema haogopi kwamba wema wake utamnyang'anya haki.

Jambo hili si geni kwa Kenya. Wazee wengi waukumbuka ugomvi wa njia ya kwenda mtoni au shuleni iliyozibwa baada ya mashamba kupimwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 28, yazitaja haki za njia zilizokuwako wakati wa kuandikishwa kwa mara ya kwanza miongoni mwa haki zilifungazo shamba hata kama hazikuandikwa katika daftari la ardhi. Lakini haki isiyoandikwa yataka mashahidi, na mashahidi huzeeka. Mzee aijuaye njia ya kijiji, na kijana ajuaye kuandika, wakikaa pamoja siku moja na ramani ya kata yao mezani, wataweza kuwaondolea wajukuu wao kesi ya miaka kumi.

Na yule aliyeko Uingereza, akipata Jumamosi moja isiyo na mvua, aipange siku yake kama ilivyoelezwa: saa ya basi kwanza, kisha uzi juu ya ramani, kisha saa za jua. Afikapo kwenye lango la shamba la mtu, atazame mshale wa manjano, apite bila hofu, na alifunge lango kama alilikuta limefungwa.